Ushuhuda Ambao Hatuutoi Kanisani

Nawasalimu ninyi wa hapa Lwakhakha, na ninyi mnaotufuatilia mkiwa Kitale, Bungoma, Nairobi na ng'ambo ya mto upande wa Uganda. Leo naandika kirefu kuliko kawaida yangu. Chukua chai yako, keti, usome polepole.

Kila Jumapili tuna wakati wa ushuhuda. Mama anasimama, anasema alikuwa amelazwa, madaktari wametikisa kichwa, Bwana akamwinua. Tunapiga makofi, kina mama wanapiga vigelegele, na ni haki yake Bwana kusifiwa. Lakini kuna ushuhuda mmoja ambao sijawahi kusikia ukitolewa mbele ya kanisa: "Nilienda hospitali na shida moja, nikarudi na nyingine niliyoipata huko huko." Huo hausemwi kwa kipaza sauti. Naambiwa kwa sauti ya chini nikienda kutembelea wagonjwa, mlango ukishafungwa. Na mara nyingi unaanza hivi: "Mchungaji, sijui kama ni dhambi kusema..."

Si dhambi. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Ukimuuliza daktari kosa la matibabu ni nini, atakutajia dawa ya mgonjwa mmoja kupewa mwingine, dawa kupita kipimo, damu ya kundi lisilofaa, upasuaji mahali pasipo penyewe, ugonjwa kutambuliwa vibaya. Ni kweli kabisa. Lakini ukikaa kando ya kitanda utasikia orodha ndefu zaidi. Mzee mmoja aliniambia kosa alilofanyiwa ni kwamba alieleza habari za mguu wake na aliyekuwa akiandika hakuinua macho hata mara moja. Dada mmoja aliniambia kosa ni kwamba mtoto wake mchanga alipelekwa chumba kingine bila yeye kuelezwa kwa nini, akakaa mpaka jioni akiamini mtoto amekufa. Mtoto alikuwa mzima. Kwenye faili hakuna kosa lolote. Kwenye moyo wa yule dada lipo hadi leo.

Wako watakaosema wagonjwa hawa hawajui maana ya kosa. Mimi nasema wanajua. Asiyesikiliza habari za mguu ndiye kesho atakayetibu mguu usio wenyewe. Dharau na kosa ni majirani, wanapita mlango mmoja.

Hata mahakama yetu imelikubali hilo. Wengi mnakumbuka mwaka 2013, mama aliyejifungulia sakafuni kwenye ukumbi wa hospitali ya wilaya pale Bungoma, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, na mtu akanasa tukio kwa simu. Jina lake silitaji, amebeba ya kutosha. Alienda kortini. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zimevunjwa, heshima yake kama binadamu ikiwa mojawapo, na ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Angalia miaka iliyopita hapo katikati. Mama wa kijijini alisubiri karibu miaka mitano kusikia mtu mwenye mamlaka akisema: "Ulichofanyiwa hakikuwa sawa."

Sasa niwaeleze la nyumbani kwetu, maana si jambo ninalolisoma tu.

Sisi Wabukusu tunajua majina yetu yanavyotoka. Msichana akizaliwa wakati wa mvua ni Nafula. Wakati wa mavuno ni Nekesa. Wakati wa njaa ni Nanjala, na kiangazi ni Nasimiyu. Ni majina mazuri, yanabeba historia ya mwaka uliozaliwa. Lakini ingia wodi ya kina mama popote huku kwetu uite "Nafula!" uone ni vichwa vingapi vitageuka.

Mama yangu ni Nafula. Miaka kadhaa iliyopita alilazwa kwa homa ya mapafu katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sitafuti kuichafua. Kitanda cha pili kutoka kwake alilala Nafula mwingine, mwenye ugonjwa wa sukari. Jioni ya siku ya tatu sista akaingia na trei, akaita jina moja tu. Mama akaitika, kama mtu yeyote aliyefundishwa adabu anavyoitika akiitwa. Akadungwa sindano.

Baada ya muda alianza kutoka jasho jingi, mikono ikatetemeka, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Alipozinduka alikuta dripu mkononi na watu wamemzunguka. Akaambiwa, "Mama, ilikuwa presha tu, sasa uko sawa." Ndipo yule Nafula mwingine akauliza bila ubaya wowote, "Na mimi sindano yangu ya sukari mbona sijapata?" Mama anasema wauguzi wawili walitazamana, wodi ikanyamaza kama kanisa kabla ya maombi. Hapo akaelewa. Hakuna aliyemwambia kitu usiku ule, wala kesho yake, wala siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani.

Sisi watoto hatukujua. Alituambia miezi mitatu baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuuliza?" Akanijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, ukimkasirisha mwenye sindano, kesho atakudunga nani?"

Wapendwa, jibu hilo limekaa nami. Ndiyo hali ya mgonjwa wetu. Aliyemuumiza ndiye anayemtegemea kupona. Hospitali nyingine iko mbali, nauli ya boda na matatu haipo, na anaogopa kuitwa msumbufu. Kwa hiyo ananyamaza, anasema asante, anaondoka.

Lakini kunyamaza hakukuwa kusahau. Mama hakurudi kliniki yake ya presha. Kila mwezi alikuwa na sababu: mvua, mahindi, mgeni. Vidonge alivifunga kwenye kitambaa akavificha nyuma ya sufuria. Sindano ilikuwa ya dakika moja na sukari yake ilirudishwa usiku ule ule, lakini imani yake kwa hospitali haikurudi. Presha ikawa inapanda kimya kimya. Mtu anaweza kufa kwa njia hiyo, na kwenye cheti wataandika kiharusi. Hakuna atakayeandika kwamba ilianza siku alipodungwa dawa ya mwenzake na watu wakanyamaza.

Mimi nilitaka kelele. Nilitaka majina, nilitaka kuandika hapa hapa Facebook. Mama alitaka kitu kingine. Aliniambia, "Mimi nataka tu waniambie ni nini kilinipata." Basi tukaenda pamoja. Tulizungushwa siku mbili. Siku ya tatu tukakaa na sista msimamizi wa wodi, mama wa makamo. Akafungua faili, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akavua miwani akasema, "Mama, ulipewa dawa ya mwenzako. Pole sana. Tulipaswa kukuambia siku ile ile."

Mama akasema, "Nilijua. Nilitaka kusikia mtu akisema." Halafu akauliza swali ambalo mimi na Biblia yangu sikuwa nimelifikiria: "Na Nafula mwingine akija?" Yule sista akatuonyesha kwamba siku hizi wanauliza mgonjwa mwenyewe ataje majina yake yote na umri kabla ya kumpa dawa. Mwezi uliofuata mama alirudi kliniki.

Si kila anayeuliza hujibiwa hivyo, najua. Wengine wamefukuzwa, wengine wameambiwa faili limepotea. Lakini nilijifunza kwamba mgonjwa aliyeumizwa hutafuta mambo matatu kabla hajafikiria pesa: ukweli, pole, na uhakika kwamba jambo hilo halitampata mwingine.

Na tusidhani ni wodi zetu za huku peke yake. Mwaka 2007, katika taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishana upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji alifunguliwa fuvu kwa sababu alichanganywa na mwingine, na madaktari wakagundua baada ya saa kadhaa kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haikuwepo. Hizo ni hospitali kubwa, zenye wataalamu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mgonjwa 1 katika kila 10 duniani hupata madhara kutokana na huduma anazopewa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Ulaya wapo, Marekani wapo.

Nawaambia haya kwa sababu sisi wa kanisa tuna maneno matatu tunayoyaweka juu ya kidonda cha namna hii kabla hakijasafishwa.

La kwanza ni "mapenzi ya Mungu." Mungu wetu ni mwenye enzi, hilo nalihubiri na nitalihubiri. Lakini mtu akidungwa dawa ya mwenzake, usimtwike Mungu lebo ambayo haikusomwa. Ukifanya hivyo umemfunga mgonjwa mdomo mara mbili, mara ya kwanza mbele ya daktari, mara ya pili mbele za Mungu wake.

La pili ni "kuna mkono wa mtu." Nimeona familia ikigawanyika, mke mwenza akishukiwa, shemeji akinyimwa salamu mazishini, wakati jibu lilikuwa kwenye karatasi ya matibabu na hakuna aliyeomba kuisoma. Shetani yupo, tunamkemea kila Ijumaa kwenye kesha. Lakini si kila sindano iliyokosewa ni jini. Nyingine ni sista mmoja, usiku, na wodi nzima inamwita.

La tatu ni "samehe tu, usonge mbele." Msamaha ni amri, siupunguzi hata kidogo. Lakini utasamehe nini kama hujaambiwa umefanyiwa nini? Msamaha unaotolewa kwa jambo lililofichwa unazika kidonda kikiwa kinatoa usaha.

Hebu tufungue Marko sura ya 5. Tunamhubiri sana yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, na huwa tunakimbilia pindo la vazi. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 26. Marko haoni haya kuandika kwamba mama huyu alipita kwa matabibu wengi, akateswa mikononi mwao, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Wapendwa, hiyo ni historia ya mgonjwa aliyeumizwa na matibabu, na iko ndani ya Injili. Roho Mtakatifu hakuifuta ili kulinda jina la mtu.

Kisha tazama anachofanya Yesu. Yuko njiani, Yairo anamharakisha, binti anakufa, umati unasukumana. Mama ameshapona. Yesu angeweza kuendelea na safari. Lakini anasimama, anauliza ni nani, anangoja. Na yule mama, akitetemeka, anasema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu. Miaka 12 ya mambo ambayo pengine hakuna aliyewahi kuketi kuyasikiliza. Ndipo Yesu anamwita binti na kumwambia aende kwa amani. Damu ilikuwa imekauka kabla, lakini amani ilikuja baada ya kusema na kusikilizwa.

Kama Mwokozi alisimama, mchungaji atakimbilia wapi? Mzee wa kanisa atakimbilia wapi? Daktari je?

Tena Neno linatufundisha namna ya kumtazama aliyekosea. Soma Kumbukumbu la Torati 19. Watu wawili wameenda msituni kukata kuni, shoka linachomoka kwenye mpini, linamuua mwenzake. Mungu hasemi aliyeshika shoka ni muuaji. Anamwekea mji wa kukimbilia. Lakini pia hasemi hakuna kilichotokea. Katika Hesabu 35 mambo yake yanapelekwa mbele ya kusanyiko, yanasikilizwa waziwazi. Huo ndio usawa wa Mungu: hatumpigi sista, hatuchomi zahanati, hatumwiti daktari mchawi, na pia hatufuniki maiti kwa shuka ya "bahati mbaya."

Halafu geuza kurasa chache, sura ya 22, mstari wa 8. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka ukawa na hatia ya damu. Mungu hangoji mtu aanguke ndipo afundishe juu ya toba. Anataka ukingo kwanza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Moja ya mwanzo kabisa ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani na anapasuliwa wapi. Waliijaribu katika hospitali za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapo jirani Tanzania. Ukijumlisha hospitali zote 8, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu, na watu kukubali kuulizana. Huo ni ukingo kwenye paa.

Basi tufanye nini? Naandika kama mchungaji wenu, myaweke moyoni na kwenye simu zenu.

Ukiitwa wodini, taja majina yako yote, usiitike jina moja. Uliza kwa upole: "Sista, hii ni dawa gani, na ni ya nini?" Kuuliza si kukosa imani wala si kukosa adabu. Daftari lako la matibabu liwe lile lile, usinunue jipya kila unapobadilisha kituo. Sisi wa mpakani leo tuko zahanati ya hapa, kesho ng'ambo ya daraja, keshokutwa Kitale au Bungoma, na hakuna anayejua wa jana alikupa nini isipokuwa daftari hilo. Nenda na mtu, na mtu huyo awe na masikio.

Jambo likiharibika, andika siku, saa na kilichosemwa. Anza na msimamizi wa wodi, kisha uongozi wa hospitali. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa haki ya kuelezwa, ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, na ya kulalamika. Malalamiko juu ya daktari au hospitali yanapokelewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na juu ya muuguzi, na Baraza la Wauguzi. Ikiwa ni jambo la korti, tafuta wakili mapema, kwa maana madai ya namna hii yana muda wake: kwa kawaida miaka 3, na dhidi ya Serikali miezi 12.

Na nakusihi, usiache dawa. Kuumizwa na sindano moja kusikufanye uache vidonge vya presha, vya sukari au vya virusi. Mtu yeyote akikuambia utupe dawa zako kwa sababu amekuwekea mikono, huyo hajatumwa na kanisa hili. Tunaomba, na tunameza dawa.

Wewe sista, wewe daktari, unayesali nasi na kukesha zamu: tunajua mnabeba mengi. Wengine wenu mna usiku mmoja ambao mnaurudia kichwani kila mkilala. Mlango wangu uko wazi. Lakini pia mwendee mgonjwa. Neno "pole, tulikosea" likisemwa mapema linaweza kumrudisha mtu kliniki mwezi ujao.

Na kanisa, kuanzia Jumapili hii, wakati wa ushuhuda, mtu akisimama akaeleza alivyoumizwa, hakuna kumkatiza kwa wimbo. Tutamsikiliza hadi amalize. Ndipo tutaomba.

Tuombe. Baba, tunakuja kwako na wale walioumizwa mahali walipoenda kutafuta uponyaji. Wape ujasiri wa kusema na watu wa kuwasikiliza. Wafariji waliozika wapendwa wao bila kuelezwa kwa nini. Uwatie nguvu wauguzi na madaktari, macho yao yasome vizuri usiku wa manane, na wakikosea uwape ukweli kinywani. Tujengee ukingo kwenye paa zetu, na wodi zetu ziwe mahali pa kuaminika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama una jambo la namna hii, usiliandike hapa chini watu wote wakasoma. Nipigie, au umtafute mama mchungaji. Tutakuja, tutaketi, tutasikiliza. Mbarikiwe.